Video za mapishi ya mtoto: umepika, sasa mwambie aliyekufundisha

Umeona video kwenye simu. Dada mmoja, jikoni kwake penye vigae vyeupe, anapika chakula cha mtoto wa miezi 7. Anachota unga wenye nafaka tano, anasaga samaki kwa blenda, anasema maharage yake yameiva kwa dakika 45. Ukajaribu nyumbani kwako Laela au Matai, mambo yakawa mengine. Maharage yalibaki magumu, uji ukawa mzito, ukaongeza maji mpaka ukawa mwepesi kama chai, na mtoto akageuza uso. Wengi wetu tukifika hapo tunajilaumu, tunafuta ile video na kurudi kwenye uji mweupe wa mahindi.

Mara nyingi kosa si lako. Aliyepika hakujua kwamba utatazama ukiwa juu ya uwanda wa Ufipa, una mafiga matatu, kinu na dagaa wakavu. Na hawezi kujua usipomwambia. Ukurasa huu unaeleza nini cha kumwambia, kwa nini baadhi ya maoni yanasaidia na mengine yanaharibu, na makosa yapi ndani ya video usiyanyamazie kwa sababu yanagusa afya ya mtoto.

Kwa nini jambo hili ni zito Rukwa

Rukwa ni mkoa wa chakula. Mahindi na maharage ya Sumbawanga yanauzwa mbali, ulezi unalimwa, mpunga unatoka bonde la Ziwa Rukwa, na samaki wanatoka Ziwa Tanganyika kupitia Kasanga na Kirando. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 uliona kwamba asilimia 56.3 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka 5 walikuwa na udumavu, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 49.8. Kumepungua, lakini bado ni kama mtoto mmoja kati ya kila wawili, wakati wastani wa nchi mwaka huo ulikuwa asilimia 30.

Mtoto mwenye udumavu ni mfupi kuliko anavyotakiwa kuwa kwa umri wake, na ubongo wake pia huweza kuchelewa kukua. Kwa macho hutaona kirahisi, kwa sababu watoto wengi wa jirani wako vilevile na kila mtu anaona ndiyo kimo cha kawaida. Muda mzuri wa kuzuia ni tangu mimba mpaka mtoto afikishe miaka 2. Kwa hiyo ile miezi 18 ya kuanza chakula, kutoka miezi 6 hadi 24, haina nafasi ya kupotezwa na maelekezo mabovu. Shida haiko kwenye wingi wa ugali nyumbani. Iko kwenye namna chakula cha mtoto kinavyochanganywa, uzito wake, idadi ya milo, usafi, na muda alionao mama wakati wa kupanda na kupalilia.

Maharage yaliyokataa kuiva

Tuanze na maharage, maana ndiyo malalamiko yanayorudi kila mara na wapishi wa video huyajibu vibaya. Hujibu, "Labda hukuyaloweka." Inawezekana. Lakini kuna sababu nyingine.

Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi. Dar es Salaam yanachemka kwenye nyuzi joto 100. Sumbawanga ni kama nyuzi 94. Yanatokota vilevile, mvuke unatoka vilevile, ila hayafikii joto lile. Ukiongeza kuni hayazidi kuwa moto, yanakauka tu. Ndiyo maana maharage yaliyoiva kwa saa moja pwani yanaweza kukudai saa mbili au zaidi huku, na yakiwa ya msimu uliopita yatachukua muda zaidi. Hata yai la kuchemsha linahitaji dakika za nyongeza.

Hili si suala la ladha tu. Maharage ambayo hayajaiva vizuri yana sumu ya asili inayoleta kutapika, kuharisha na maumivu ya tumbo, na tumbo la mtoto mdogo huumia haraka. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji uliyolowekea, pika kwa maji mapya huku umefunika, na usipunguze moto kabla hayajatokota kweli. Mwenye sufuria ya presha aitumie, kwa sababu ndani yake joto hupanda juu ya lile la maji ya kawaida na kuni zinapungua. Magadi yanalainisha, ni kweli, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini na kuongeza chumvichumvi ambayo mtoto haihitaji. Chungu cha mtoto kisiwe na magadi.

Sasa, ujumbe gani utamsaidia mpishi wa video? Si "yamekataa kuiva." Mwambie uko wapi, maharage ni ya lini, uliloweka muda gani, ulitumia jiko gani, na yaliiva baada ya muda gani. Kisha muombe aache kutaja dakika peke yake na aonyeshe dalili. Punje moja ikibonyezwa kwa vidole viwili ipondeke bila nguvu, isiwe na kiini kigumu katikati. Dalili hiyo ni ileile Tanga, Njombe na Sumbawanga. Dakika ni za jikoni kwake.

Kikombe cha nani, kijiko kipi

"Weka kikombe kimoja." Kikombe kipi? Cha bati, cha plastiki, kile cha chai ya wageni? Miongozo ya ulishaji hutumia kikombe cha mililita 250. Kipime hivi: chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa, na ikijaza kikombe chako mara mbili kamili, hicho ndicho. Kikiwa kikubwa, weka alama ya msumari au rangi mahali robo lita inapofika.

Mtoto wa miezi 6 huanza na vijiko 2 hadi 3 vya chakula kwa mlo, akiongezwa taratibu mpaka nusu kikombe, mara 2 hadi 3 kwa siku. Miezi 9 hadi 11 ni nusu kikombe kwa mlo, mara 3 hadi 4. Mwaka mmoja hadi miwili ni robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, mara 3 hadi 4, pamoja na asusa moja au mbili kama tunda. Muda wote huo ananyonya, mpaka miaka 2 au zaidi.

Kuliko vipimo vyote, uzito ndio unaopotea kwenye video, kwa sababu kamera haionyeshi vizuri. Kipimo ni kijiko. Chota, kiinamishe, uji mzuri unakaa kwenye kijiko na kudondoka polepole kwa mafungu. Ukitiririka kama maji, tumbo la mtoto linajaa maji kabla hajapata chakula. Tumbo lake ni dogo mno kwa uji mwepesi. Kama video haikuonyesha kijiko kikiinamishwa, liombe hilo. Ni ombi dogo, linachukua sekunde tatu kurekodi, na lina faida kuliko dakika nzima ya muziki mwanzoni.

"Lakini mzito anaukataa," utasema, na wengine wengi husema hivyo. Hapa watu wa Ufipa wana jambo la kuwafundisha wapishi wa mjini, maana kimea cha ulezi kinajulikana huku tangu zamani kwa ajili ya pombe. Kimea kidogo hulainisha uji mzito bila kuongeza maji. Watafiti Mosha na Svanberg waliandika habari hii mwaka 1983 kutokana na kazi iliyofanyika hapa Tanzania: nafaka iliyooteshwa inavunjavunja wanga, uji unalegea, lakini chakula kilichomo kinabaki kilekile. Ulezi huloweshwa usiku, huoteshwa siku 2 hadi 3, huanikwa ukakauka, kisha husagwa. Pika uji mzito, uepue upoe kidogo, koroga kijiko kimoja cha chai cha kimea, subiri dakika chache utaona unalegea, kisha urudishe motoni utokote tena ili kuua vijidudu. Tumia ulezi. Mtama uliochipua una sumu katika chipukizi na vimizizi vyake, usimtengenezee mtoto. Na kimea chochote chenye ukungu kitupwe.

Unga wa nafaka nyingi

Hili tunalisema bila kuficha: video nyingi za "uji wa lishe" zinakosea. Mpishi anachanganya mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya na karanga kwenye gunia moja, anasaga, na watazamaji wanasifu wingi wa vitu. Mahindi, ulezi, mtama, mchele na ngano vyote ni kundi moja, nafaka. Kuongeza ya tano hakumpi mtoto kile ambacho ya kwanza haikumpa. Nafaka moja inatosha. Kinachobadilisha uji ni kitu kutoka kundi jingine: maharage, dagaa, yai, maziwa, mboga za majani, parachichi.

Soya isiyokaangwa au kupikwa vizuri inamzuia mtoto kutumia protini. Karanga zikisagwa pamoja na unga wa miezi miwili, mafuta yake yanaoza na unga unakuwa mchungu. Zaidi ya hapo kuna sumukuvu, inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Haionekani, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Chambua punje kwa mkono, tupa zilizovunjika, zilizonyauka na zenye rangi ya ajabu. Karanga saga kidogo kidogo, za siku chache, uzihifadhi peke yake na kuzitia wakati wa kupika. Punje nzima asipewe, zinaweza kumpalia.

Ukiona video inasifia unga wa nafaka saba, uliza swali moja la upole: "Dada, kati ya hizi, ipi ni kundi tofauti na mahindi?" Mara nyingi mpishi mwenyewe hajawahi kulifikiria, na swali hilo humfundisha bila kumwaibisha mbele ya watu.

Sifa zinazoharibu

Si kila maoni ya mtazamaji ni mema. "Tamu sana," "mtoto wangu kamaliza sahani," "ongeza asali dada," haya ndiyo yanayomfurahisha mpishi, na polepole yanamvuta kwenye sukari, biskuti na maziwa ya kopo yenye utamu. Video inayofuata inakuwa tamu zaidi, sifa zinazidi. Mtoto chini ya miaka 2 hahitaji sukari ya kuongezwa. Inamzoesha kukataa mboga na kuharibu meno yanayoota. Asali asipewe kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata ya nyuki wa msituni iliyo safi, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza misuli mpaka ashindwe kupumua.

Ukitaka kumsaidia mpishi, mpe habari anazoweza kuzifanyia kazi. Mtoto ana miezi mingapi. Alikula vijiko vingapi siku ya kwanza, na vingapi siku ya tatu (siku ya kwanza haitoshi, watoto wengi hukataa kitu kipya mara kadhaa kabla ya kukikubali). Kitu gani hukukipata ukaweka kingine. Ilikuchukua muda gani na kuni au mkaa kiasi gani. Nani alimlisha.

Hilo la mwisho husahaulika. Wakati wa mvua mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anabaki na bibi au dada yake wa miaka 10. Ndipo swali la kweli linapokuja: uji wa asubuhi unafaa mchana? Jibu ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida. Chupa ya chai haikulindi. Uji ukipoa na kuwa vuguvugu humo ndani, vijidudu vinaongezeka. Afadhali kumwachia bibi vitu anavyoweza kupika upya kwa dakika chache: unga, dagaa waliosagwa, na ndizi mbivu au parachichi la kuponda na uma. Tumeona video chache sana zinazoonyesha mlo wa mtoto ambaye mama yake hayupo. Ziombe. Na hiyo unayoipenda mwonyeshe bibi, kwa sababu ndiye atakayeshika mwiko.

Kubadilisha bila kupoteza

Video ilisema sato na blenda. Wewe una dagaa wakavu wa Tanganyika na kinu. Ondoa vichwa na matumbo, osha mara kadhaa mchanga utoke, kausha, kaanga bila mafuta mpaka wakatike, twanga, chekecha. Kijiko kimoja cha chakula kwenye uji au viazi vya kuponda kinatosha kwa mlo. Sato hana cha kumzidi.

Mboga hupungua kiangazi kinapokaza. Majani ya maboga na ya kunde yaliyokaushwa kivulini yanasaidia, na boga lenyewe au viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina vitamini A nyingi. Chai usimpe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma. Lenga angalau makundi matano kwa siku kati ya manane, maziwa yako yakihesabiwa kuwa moja. Ukibadilisha, badilisha ndani ya kundi lilelile, kisha mwambie mpishi ulichotumia. Video ikisema "kama huna sato, tumia dagaa hivi," mama wa Namanyere hataifunga njiani.

Kwa wewe unayerekodi

Huenda nawe unarekodi, kwa kundi la kina mama wa kliniki au la kanisani. Kuna mfano wa kuiga. Nchini India, shirika la Digital Green lilianza kwa kurekodi wakulima wa kijijini wenyewe na kuwaonyesha majirani kwa projekta ndogo. Mwaka 2012, katika jimbo la Odisha, njia hiyo ilitumiwa kwa lishe ya mama na mtoto, na baadaye ikafika Niger. Mwezeshaji husimamisha video katikati, huuliza watu wameelewa nini, huandika maswali yao, kisha hufuatilia nani alijaribu nyumbani. Maswali hayo ndiyo yanayotengeneza video inayofuata.

Ninyi mnaweza kufanya hivyo bila projekta. Kabla ya kusambaza, mpe mama mmoja simu, akae apike akifuata video peke yake, nawe unyamaze. Kila anaporudisha nyuma au kukutazama usoni, pana kosa lako. Afisa lishe wa halmashauri au mhudumu wa afya ngazi ya jamii aitazame pia kabla haijatoka. Ifupishe, bando si bure. Ukirekebisha, futa ile ya zamani na useme wazi ulichobadilisha, la sivyo zote mbili zitaendelea kuzunguka kwenye makundi na watu hawatajua ipi ni ipi.

Namna ya kutuma

Ujumbe wa sauti unatosha, na ni rahisi kwa asiyependa kuandika. Sema vizuri ulipofanikiwa, kisha ulipokwama. Kama ni kosa la hatari, kwa mfano asali kwa mtoto wa miezi 8 au chakula kabla ya miezi 6, mwandikie faraghani kwanza, umpe siku moja au mbili. Asiporekebisha, waonye wenzako kwenye kundi bila matusi.

Picha ya uji kwenye kijiko inasaidia sana. Picha ya mtoto usitume, wala ya kadi yake ya kliniki. Hujui itafika wapi.

Yapo mambo ambayo hata mpishi mwema hapaswi kuulizwa. Mtoto akivimba midomo au kupumua kwa shida baada ya yai, samaki au karanga, akiharisha huku macho yameingia ndani, akitapika kila kitu, akiwa na miguu yote miwili iliyovimba, au akikataa kula na kunyonya, funga simu umpeleke zahanati au kituo cha afya mara moja. Kama amekonda, au kadi inaonyesha uzito umesimama miezi miwili mfululizo, mpeleke wiki hiyohiyo, uende na kadi yake, na umweleze mhudumu ulichokuwa unampikia.